Moyo Ukienda Mbio, Naulizia na Figo

Kwenye wodi ya kusafisha damu, neno wasiwasi hutolewa bure. Mgonjwa akisema moyo unamdunda, mikono inatetemeka, jasho jembamba linamtoka na anahisi kuna jambo baya linakuja, atakayemjibu wa kwanza, awe ndugu yake, awe mgonjwa wa kiti cha pili au mmoja wetu tuliovaa sare, atamwambia asiogope. Nimekuwa muuguzi wa wagonjwa wa figo hapa Dar es Salaam muda wa kutosha kujua kwamba maneno hayo mara nyingi yanamkuta mtu ambaye hakuwa akiogopa kitu. Alikuwa amesinzia, au anafuatilia mechi ya Simba na Yanga kwenye simu. Mwili ndio ulioanza. Akili ikaja kutafuta sababu baadaye.

Siku hizi mgonjwa akiniambia "Sista, nasikia hofu", kauli hiyo naiweka pamoja na joto lake na mapigo yake ya moyo. Ni kipimo. Na mojawapo ya mahali ninapoanza kutafuta ni figo, hata kama figo zenyewe zimeshatangazwa kuwa zimekufa.

Chuoni tulifundishwa figo muhula mmoja na tezi muhula mwingine. Figo: kuchuja damu, kupima chumvi na maji, kutoa mkojo. Tezi za adrenali: simba katokea, adrenalini imemwagika, kimbia. Uliandika hivyo kwenye mtihani, ukapata alama zako. Kwamba tezi hizo, zenye uzito wa gramu 4 au 5 hivi kila moja, zimekaa juu kabisa ya figo, lilikuwa jambo la kuchora mchoro na kuandika majina ya sehemu, basi.

Ujirani huo wenyewe nao hudanganya. Niliwahi kusimama nyuma ya mtaalamu wa picha akimpima mama mmoja ambaye figo yake ya kushoto haikuwa mahali pake. Ilikuwa chini kwenye nyonga. Mtoto anapoumbwa tumboni, figo huanzia huko chini na kupanda polepole, na za wachache hukwama njiani. Nikauliza, na tezi yake je, nayo iko nyongani? Akacheka. Tezi ilikuwa juu palepale inapokaa kwa kila mtu, bila figo chini yake. Hivyo hakuna bomba wala mfereji kati ya viungo hivi viwili. Figo ikitaka kuiambia tezi jambo, ujumbe unaingia kwenye damu na kuzunguka mwili kabla ya kurudi sentimita chache tu kutoka ulikotoka.

Aliyenifanya nijali mzunguko huo ni binti mmoja, mwalimu wa shule ya msingi kutoka upande wa Tanga. Aliletwa na mama yake mkubwa akiwa na presha ya 210 kwa 130, umri hata miaka thelathini hajafika. Kilichomsumbua yeye hakikuwa presha, maana presha haikuwa ikimuuma. Zilikuwa zile hali. Yuko darasani anaandika ubaoni, mara kichwa kinaanza kugonga, kifua kinadunda, jasho linalowesha gauni, mikono inakuwa ya baridi, na anajawa na hofu ambayo haina jina. Inakaa kwa muda, inaondoka, inamwacha amechoka. Kwenye zahanati aliyokwenda kwanza waliandika wasiwasi wakampa vidonge vya usingizi. Nyumbani walisema ana jini, akanyweshwa kombe. Mama mkubwa alitueleza yote mawili bila kuona haya, na mimi sikuona sababu ya kumcheka. Mtu akiona mtoto wake anatetemeka bila kisa, atakwenda kila mlango unaofunguka.

"Mwanangu," aliniambia pembeni, "huyu mtoto si mwoga. Huyu alikuwa anapanda minazi na wavulana."

Bingwa wetu wa figo alimlaza chali, akaweka kipimo cha kusikilizia juu kidogo ya kitovu, akanyamaza. Kisha akaniita. "Sista, hebu sikiliza hapa." Nilisikia mvumo, damu inapita mahali pembamba kwa kishindo. Vipimo vya damu vikaja na potasiamu ya chini, 3.0, kwa mtu ambaye hakuwa ametapika wala kuharisha, wala hakuwa ametumia dawa ya kukojosha.

Mvumo ule ulielekeza kwenye mshipa wa figo, lakini hatukukimbilia huko. Kichwa kuuma, jasho na moyo kwenda mbio, vikija pamoja kwa vipindi kwa mtu mwenye presha, ni utatu wa uvimbe wa kiini cha tezi ya adrenali, unaoitwa feokromositoma. Uvimbe huo unamwaga adrenalini na nduguye noradrenalini pale unapotaka. Ni nadra, lakini ukiukosa unaweza kuua, na unaweza kuuamsha kwa dawa za kawaida kabisa. Daktari aliandika kwenye faili kwa kalamu nyekundu kwamba asipewe metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika, hata akitapika, na asianzishiwe propranololi wala dawa yoyote ya jamii hiyo inayoziba vipokezi vya beta kabla hajapewa kwanza ile inayolegeza mishipa kwa kuziba vipokezi vya alfa. Vipokezi ni sehemu za seli zinazopokea ujumbe wa adrenalini. Sababu yake ni rahisi ukishaielewa: adrenalini inapobana mishipa kupitia vipokezi vya alfa, vile vya beta kwenye misuli vinasaidia kuilegeza. Ukiziba beta peke yake, umeacha mkono unaobana na kuufunga unaolegeza, na presha inapaa. Metoklopramidi ndiyo sindano ambayo usiku wa manane mtu yeyote kazini angeifikia bila kufikiri. Ile kalamu nyekundu niliipenda.

Tukamkusanyia mkojo wa saa 24 kwenye dumu, sampuli ikapelekwa nje ya nchi kupimwa mabaki ya adrenalini. Majibu yalikuwa ya kuudhi: yamepanda, lakini kidogo. Uvimbe wenyewe kwa kawaida huyapandisha mara kadhaa juu ya kiwango. Picha ya tumbo nayo ikaonyesha tezi mbili safi, hazina kitu. Lakini ateri inayopeleka damu kwenye figo ya kulia ilikuwa imebanwa, ukuta wake umenenepa kwa ugonjwa ambao huwapata zaidi wanawake na ambao hauna uhusiano na mafuta ya vyakula. Renini, kitu ambacho figo hukimwaga kwenye damu, ilikuwa juu sana.

Hapo ndipo nilipokwama. Figo imebanwa, sawa, presha inapanda, hilo nililijua. Lakini jasho? Lakini hofu? Kwa nini mshipa wa figo umfanye mwalimu atetemeke mbele ya darasa?

Daktari hakunijibu kwa neno moja. Alituketisha kwenye meza ya wauguzi wakati wa chai, akageuza karatasi ya kuandikia dawa, akaanza kuchora, na historia juu yake, maana ni mtu wa historia.

Mwaka 1898 huko Stockholm, Robert Tigerstedt na mwanafunzi wake Per Bergman walisaga figo za sungura, wakachukua maji yake na kuyadunga kwenye mishipa ya sungura wengine. Presha ikapanda. Kitu kilichokuwa ndani ya maji hayo wakakiita renini. Kisha kazi yao ikakaa kabatini kwa miaka mingi, mpaka 1934, Harry Goldblatt wa Cleveland, Marekani, alipobana ateri za figo za mbwa kwa kibanio kidogo cha chuma, na mbwa wakapata presha isiyoshuka. Binti wetu alikuwa na kibanio cha Goldblatt, ila chake kiliota chenyewe.

Renini yenyewe haibani mshipa wowote. Ni kimeng'enya, kazi yake kukata. Inatoka kwenye seli zilizoshikamana na mishipa midogo inayoingiza damu kwenye vichujio vya figo, pale seli hizo zinapohisi damu inakuja bila nguvu, au chumvi inayopita kwenye mirija imepungua, au neva za dharura zimeamuru. Figo ya binti ilikuwa ikipata damu kwa tabu kupitia ule mshipa mwembamba, ikaamini mwili mzima unakosa damu. Ikamwaga renini. Renini ikikutana na protini moja ndefu iliyotengenezwa na ini, inaikata na kuacha kipande cha asidi amino 10. Kipande hicho kikipita kwenye mishipa ya damu, hasa ya mapafu, kimeng'enya kingine kinaondoa 2. Zinabaki 8, na hiyo ndiyo anjiotensini ya pili, yenye nguvu. Inabana mishipa, inaleta kiu, na damu ikifika kwenye tezi za adrenali, inaliambia gamba la nje litoe aldosteroni, homoni inayoshika chumvi na kutupa potasiamu kwenye mkojo. Ndiyo maana potasiamu ya binti ilikuwa 3.0.

Mpaka hapo kila muuguzi anafahamu, au aliwahi kufahamu usiku wa kuamkia mtihani. Nisichokuwa nimekisikia ni kwamba anjiotensini haiishii kwenye gamba. Inafika mpaka kwenye kiini, kule adrenalini inakohifadhiwa.

Mtu aliyesaidia sana kulionyesha hilo ni Wilhelm Feldberg, na hapa daktari aliweka kalamu chini kabisa akasimulia. Feldberg alikuwa Myahudi wa Ujerumani aliyefukuzwa kazi Berlin mwaka 1933 Wanazi walipoingia madarakani, akahamia Uingereza. Mwaka 1934 yeye na wenzake walionyesha kwamba neva inayokwenda kwenye kiini cha adrenali inatoa asetilikolini, na kwamba hiyo ndiyo inayoamuru adrenalini itoke. Miaka 30 baadaye, 1964, mtu yule yule akiwa na G. P. Lewis akachapisha kazi nyingine juu ya tezi ile ile. Walikuwa wakidunga anjiotensini ndani ya ateri za paka waliolazwa kwa dawa, ili ifike kwenye tezi moja kwa moja, na kiasi kidogo mno kilitosha kumwaga adrenalini. Nusu mbili za jambo moja, za mtu mmoja, na kati yake uhamisho na vita kuu nzima.

Baadaye watu waliootesha maabarani seli kutoka kwenye tezi za ng'ombe, zile zinazoitwa kromafini, wakazikuta zina vipokezi vya anjiotensini, aina ya AT1. Anjiotensini ikishika kipokezi hicho, kalsiamu iliyofichwa ndani ya seli inaachiliwa na nyingine inaingia kutoka nje. Kalsiamu ikipanda, vifuko vya adrenalini vinasogea ukingoni na kupasukia nje. Asetilikolini ya neva nayo inatumia kalsiamu hiyo hiyo, ila inapita mlango mwingine.

Nilimuuliza daktari swali ambalo bado naona lilikuwa la maana: kama ni hivyo, mbona kila mwenye renini ya juu hatetemeki? Mtu aliyefunga Ramadhani, akashinda juani Kariakoo bila maji, renini yake inapanda, na anauza vitenge vyake mpaka magharibi. Alijibu kwa jiko la mkaa, kwa sababu lilikuwepo pale likichemsha chai. Neva ndiyo inayowasha, akasema. Anjiotensini ni upepeo. Ukipepea jiko lililozimika, utachoka mkono. Ukipepea lenye kaa moja jekundu, utaona. Mtu mwenye afya aliyetulia, ukimdunga anjiotensini ya kiasi kile mwili unachotengeneza wenyewe, adrenalini yake haipandi kwa kiasi cha kuhisi. Lakini neva ikiwa tayari imeamka, kwa kupoteza damu, kwa sukari kushuka, kwa maumivu, kwa kupanda ngazi tu au mkaguzi kuingia darasani, anjiotensini inaiongezea kishindo. Inafanya hivyo kwenye tezi, kwenye ncha za neva zinazotoa noradrenalini, na hata kwenye ubongo, kule inakotoka amri yenyewe.

Na kuna mzunguko. Adrenalini iliyomwagika inarudi kwenye figo, inashika vipokezi vya beta kwenye zile seli za renini, na renini zaidi inatoka. Figo inaamsha tezi, tezi inaamsha figo. Hicho ndicho kilichonifanya nielewe kwa nini hali za binti zilikuwa zinakuja na kupanda kwa kasi badala ya kukaa kiwango kimoja kutwa, na pia kwa nini propranololi, ambayo tulizoea kuiona kama dawa ya moyo, inashusha renini.

Alipanuliwa mshipa kwa puto. Presha yake ilishuka mpaka akabaki na kidonge kimoja, na hali zile zikaacha kuja. Kabla ya hapo alikuwa ametumia enalaprili kwa uangalifu, huku tukipima kreatinini, uchafu wa damu unaoonyesha figo zinavyochuja, kila mara, kwa sababu dawa zinazozuia anjiotensini zinaweza kuishusha kabisa kazi ya figo iliyobanwa, na kama mishipa yote miwili imebanwa hazifai. Kwake ilikuwa mmoja. Kwa kuwa alikuwa kijana na ana mchumba, nilikaa naye peke yake nikamwambia kwamba enalaprili, losartani na ndugu zao zinamdhuru mtoto tumboni, hivyo siku akitaka kuzaa aje tubadilishe dawa kabla, si baada ya kukosa siku zake. Naona jambo hili linasemwa kwa haraka mno kliniki, mlangoni, mgonjwa akiwa ameshashika mkoba.

Baada ya hapo nilianza kuwaangalia kwa jicho jingine wagonjwa wangu wa kila siku, wale wa mashine ya kusafisha damu. Hawa hawana mshipa uliobanwa. Figo zao zimekauka kwa kisukari, kwa presha, kwa diklofenaki za miaka, kwa sababu zisizojulikana. Mtu anadhani figo iliyoshindwa kuchuja imeacha pia kuzungumza. Si hivyo. Makovu yake yanabana mishipa midogo iliyobaki, na nyingi huendelea kutoa renini kuliko mwili unavyohitaji, pengine mpaka mwisho.

Nina mzee mmoja, nahodha mstaafu wa majahazi wa Pangani, aliyehamia kwa mwanawe Mbagala kwa ajili ya matibabu. Uzito wake mkavu, yaani bila maji ya ziada mwilini, ni kilo 60. Mwishoni mwa wiki anakula ng'onda, na ng'onda ni chumvi yenye samaki ndani yake, halafu anakunywa maji kama chumvi hiyo inavyotaka. Jumatatu anakuja na kilo 4 za ziada. Watu wa kazi yetu wanajitahidi wasivute zaidi ya mililita 13 kwa kila kilo ya mgonjwa kwa saa. Kwake, kwa saa 4, hiyo ni lita 3 na kidogo. Ukitaka kuvuta lita 4 zote siku hiyo hiyo, maji yanatoka kwenye damu haraka kuliko yanavyoweza kurudi kutoka kwenye nyama za mwili, na hapo presha inaanguka.

Lakini kabla ya mashine kuonyesha kuanguka huko, yeye husema. "Mwanangu, kuna mtu ananisukuma kifuani." Au anauliza kama mlango umefungwa. Au anataka mwanawe apigiwe simu, sasa hivi, bila sababu. Presha ukipima dakika hiyo inaweza kuwa 118, nambari ya kupendeza, kwa sababu neva, renini na adrenalini bado zinaishikilia kwa nguvu zote. Mapigo tu ndiyo yanayotoboa siri, yametoka 78 hadi 112. Ukimwambia "Tulia mzee, presha yako nzuri", baada ya robo saa utamkuta macho yamepinduka. Kwa hiyo tunapunguza kuvuta hapo hapo, tunainua miguu, ikibidi tunarudisha mililita 100 au 200 za maji ya chumvi. Mara nyingi hofu inaondoka yenyewe bila mtu kumtuliza kwa maneno.

Sitaki mtu asome hapa akadhani kila moyo unaodunda kwenye kiti chetu ni adrenalini iliyochochewa na figo. Mwenye kisukari anayechoma insulini, figo zake zikidhoofika insulini inakawia mwilini, sukari inashuka, na adrenalini inamwagika kwa sababu ya njaa ya ubongo. Tone la damu kidoleni linakujibu chini ya dakika. Na kuna potasiamu. Mwambao huu una madafu, na dafu limejaa potasiamu. Mgonjwa asiyekojoa akinywa mawili kwa ajili ya "kupoza mwili" anaweza kuja na moyo unaokwenda kombo kwa namna ambayo haina uhusiano na homoni yoyote, na huyo anahitaji kipimo cha umeme wa moyo na mashine mara moja. Dawa za kuzuia anjiotensini nazo zinaipandisha potasiamu, kwa sababu zimeiondoa aldosteroni iliyokuwa ikiitupa. Nikiona karatasi ya mgonjwa imeandikwa losartani, nauliza habari za madafu kabla ya habari za nyumbani.

Kuna pia wale ambao maji yakivutwa presha inapanda badala ya kushuka. Wanaanza na 150, wanamaliza na 195, kichwa kinauma, mashavu yanawaka. Ndugu wanalalamika kwamba mashine imewaharibia mtu wao. Kuna sababu kadhaa, na mojawapo ni hii hii: kila lita inayotoka, renini na neva zinazidi kuitikia, na kwa hawa zinaitikia kupita kiasi. Mmoja wao alikuwa akimeza enalaprili asubuhi ya siku ya mashine, kisha anaketi kiti ambacho kinamwondolea dawa hiyo hiyo pamoja na uchafu, maana enalaprili huchujwa na mashine. Losartani haichujwi. Daktari alibadilisha, na akahamishia kidonge usiku. Haikuwa dawa ya miujiza, lakini jioni zake zikawa za kawaida.

Mwanawe nahodha, fundi wa friji, kijana anayependa kujua kitu kinavyofanya kazi, alinisikiliza siku nzima nikieleza mambo haya kwa vipande kati ya kengele moja ya mashine na nyingine. Mwisho akauliza: "Dada, kama figo za baba hazichuji tena na kazi yake imebaki kutuma fujo, kwa nini zisitolewe?"

Swali hilo lina historia. Zamani, kabla ya dawa za kuzuia anjiotensini, madaktari walikuwa wakiwatoa figo zote mbili wagonjwa wa mashine ambao presha zao zilishindikana, na kwa wengi presha ilishuka kweli. Kaptoprili, ya kwanza ya kumezwa, iliidhinishwa Marekani mwaka 1981, na kutengenezwa kwake kulitokana na sumu ya nyoka wa Brazili. Kisu kikapungua kazi. Lakini mwaka 1992 watafiti wa Texas walipima kwa sindano nyembamba umeme wa neva za dharura kwenye miguu ya wagonjwa wa mashine. Waliobaki na figo zao mbovu, neva zilikuwa zikipiga kwa wingi kuliko za watu wazima wa afya. Waliotolewa figo zote, neva zao zilikuwa zimetulia karibu na za watu wa kawaida. Yaani figo mgonjwa haitumi renini tu. Inapeleka pia malalamiko kwa waya, moja kwa moja kwenye ubongo, na ubongo unajibu kwa mwili mzima.

Kijana akafurahi, akaona nimemkubalia. Nikamwambia bado kuna upande wa pili. Upasuaji kwa mtu wa umri ule ni hatari yenyewe. Figo hizo hizo mbovu bado zinatoa kiasi fulani cha homoni inayoagiza damu itengenezwe, na ukizitoa upungufu wa damu unazidi. Halafu kuna mkojo. Mgonjwa anayekojoa hata kidogo ana nafasi ya kunywa zaidi, anakuja na kilo chache, anavutwa polepole, na yale mashambulizi ya katikati ya mashine yanapungua.

Nahodha, ambaye tulidhani amelala, akafungua jicho moja.

"Mwambie huyo fundi friji," akasema, "mimi bado nakojoa kikombe kizima asubuhi. Asiniguse."

Tukaandika kikombe hicho kwenye faili lake, na wiki iliyofuata tukampa chombo cha kukipimia.